Siku Niliyokaa Nje Ukilia

Mwanangu Onchari,

Barua hii itakufikia kwa picha. Musyoka, tunayelala naye chumba kimoja hapa machimboni, ana simu kubwa, na ameahidi kupiga picha kila ukurasa akutumie kabla jua halijatua. Kwanza aliniambia nirekodi sauti, kwamba ni kazi ya dakika mbili. Nilijaribu. Nikasema, "Onchari, mwanangu," nikakohoa, nikanyamaza, nikazima. Musyoka akacheka sana. "Mzee, unaongea na mtoto wako ama na hakimu?"

Yeye si wa kwetu, hajui chinsoni, ile miiko ya heshima kati ya baba na mwanawe. Wewe unajua. Unajua kwa nini tangu ulipooa sijavuka mlango wa nyumba yako, na kwa nini tukiketi pamoja nje tunazungumza ng'ombe, majani chai na barabara, basi. Kuna mambo ambayo heshima imeyafungia mdomoni mwa baba asiyatoe mbele ya mwanawe. Nimeona mkono hauna aibu kama mdomo. Kiswahili nacho kinanisaidia. Niliacha shule darasa la sita, na kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili. Ekegusii nakisema, kukiandika kunanishinda. Tena maneno mengine nikiyasema kwa Ekegusii ni kama mama yangu yuko nyuma ya mlango anasikiliza.

Leo ni Sabato, sijashika nyundo. Kesho asubuhi unapanda gari Keroka uje huku Ukambani, ulale mjini, na Jumatatu alfajiri lori la wafanyakazi likulete machimboni uanze kazi ya mawe pamoja nami. Mambo ya safari mama yako ameshakwambia, blanketi, kitambulisho, viatu vigumu, sitayarudia. Nataka kukwambia kuhusu simu uliyonipigia Jumanne.

Ulisema, "Tata, nitafutie nafasi hapo kwenu, hata kama ni kesho." Nikakuuliza mtoto anaendeleaje. Ukasema ana wiki tano na anachojua ni kulia. "Nikimshika mimi analia zaidi. Mama yake akimshika ananyamaza. Mimi hapa nyumbani ni kama kiti, Tata. Heri nikatafute pesa." Nikakujibu kwamba nitamwona nyapara. Nikamwona, akakubali, nikakupigia nikakwambia uje. Tangu siku hiyo sina raha, kwa sababu sauti yako niliijua. Ilikuwa sauti yangu. Ulikuwa unaniambia kwamba unakimbia, na mimi nikakufungulia lango.

Najua kwa sababu nami nilikimbia. Nilikukimbia wewe.

Tazama mkono wako wa kushoto, vile vidole viwili vya mwisho ambavyo havinyooki. Tangu ulipopata akili umeambiwa kwamba mama yako alikuacha peke yako karibu na moto akaenda kuteka maji. Boma zima lilisema hivyo, na majirani wakalichukua neno hilo wakalisema mpaka Birongo sokoni. Si kweli. Hukuwa peke yako. Mimi nilikuwepo.

Ulikuwa na miezi mitano. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ile baridi ya kwetu inayoingia kwenye mifupa. Mama yako alikulaza jikoni juu ya gunia lililokunjwa, mbali kidogo na mafiga, upate joto. Akachukua mtungi. Mimi nilikuwa nje, karibu na mlango, nanoa panga. Akaniambia, "Mwangalie, nakwenda kisimani, sichelewi." Nikaitikia.

Babu yako Nyamweya alikuwa ameketi pale langoni na wazee wawili, wanazungumza habari ya mpaka wa shamba. Ukaanza kulia. Kilikuwa kilio cha kawaida, cha mtoto aliyeamka akakosa uso wa mtu. Nilikisikia. Zilikuwa hatua nne kutoka nilipokaa. Lakini mwanaume wa siku zile, katika boma la baba yake, mbele ya wazee, hakuonekana amebeba mtoto mchanga. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake na wasichana. Nikawaza, nikitoka na huyu mtoto kifuani wazee watasema nini? Kwamba Nyamweya alizaa yaya? Nikaendelea kunoa. Nakumbuka panga lilikuwa limeshapata makali, na bado nikanoa, kwa nguvu zaidi, ili mlio wa jiwe uzidi sauti yako. Macho yangu yalikuwa kwenye njia ya kisimani, namsubiri mama yako aje akunyamazishe.

Kisha kilio kikabadilika. Sitakieleza. Wewe ni baba sasa. Naomba usije ukakijua.

Ulikuwa umeanza kujiviringisha. Mama yako alikuwa ameona dalili, mimi sikuwa nimeona kitu, kwa sababu sikuwahi kukutazama vya kutosha nikajua unaweza nini. Ulijiviringisha mara mbili, mkono ukaingia kwenye majivu yaliyofunika makaa.

Mama yako alifika nimeshakutoa nje. Wazee walikuwa wamesimama. Babu yako akamuuliza kwa sauti ya juu, "Mtoto ulimwachia nani?"

Mama yako akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Akainamisha kichwa, akasema, "Nilimwacha amelala, Tata. Nilidhani nitawahi."

Alinisitiri, na mimi nikakubali kusitiriwa. Nilikuwa na ulimi kinywani, nikaumeza. Babu yako akamwita mwanamke asiye na akili mbele ya wageni, na mimi nikaingia ndani kutafuta shati la kukufunga mkono, nikachukua muda mrefu kulitafuta.

Haikupita wiki mbili nikasema naenda kutafuta kazi. Watu wakanisifu, ameona shida, anaenda kuhangaikia familia. Ukweli ni kwamba kila ulipobadilishwa kitambaa ulilia, na kila ulipolia nilisikia ni mimi ninayetajwa. Nikaenda mahali ambapo kilio chako hakifiki. Nikakata miwa, nikachimba mitaro, mwishowe nikafika huku kwenye mawe. Niliporudi mara ya kwanza ulikuwa unatembea. Uliniona mlangoni ukakimbilia nyuma ya mama yako, ukamwambia, "Mama, kuna mgeni." Wenzangu nikiwasimulia hilo hucheka. Mimi pia hucheka nao.

Labda unakumbuka ile Desemba ulipokuwa na miaka kumi na mitano. Mama yako alikukataza kwenda Kisii na marafiki zako, mkagombana. Ukamwinulia mkono huo huo, ukasema, "Hata huu mkono ni wewe uliniharibia." Nilikuwa nimeketi hapo hapo na sahani ya obokima mapajani. Nilimega tonge, nikachovya, nikala. Mama yako akaokota vyombo, akatoka.

Kesho yake nilimfuata kwenye majani. Nikamwambia, "Nitamwambia mtoto ukweli." Akaendelea kuchuma bila kuinua kichwa. Baadaye akaniuliza, "Jana chakula kilikuwa kitamu?" Hakuongeza neno. Miaka minane imepita, na sijala obokima nyumbani kwangu hata siku moja bila kulisikia swali hilo.

Kilichonifundisha mimi ni mguu. Ulipokuwa darasa la kwanza jiwe liliniangukia, nikarudishwa nyumbani na mkongojo, nikakaa miezi mitano. Dada yako Kwamboka alikuwa na miezi mitatu. Mama yako alikuwa anachuma majani kwenye mashamba ya watu, anatoka kabla ukungu haujainuka, na wewe unaenda shule. Siku ya kwanza aliniwekea mtoto mapajani, mguu wangu umefungwa, siwezi kwenda popote. Akasema, "Huyu hapa. Saa nne umlete anyonye." Akafunga kikapu mgongoni, akaenda zake.

Onchari, sikuwa najua hata shingo ya mtoto inashikwaje. Alilia, nusura nami nilie. Nilimwimbia nyimbo zote za kanisani ninazozijua, zikaisha, nikaanza upya. Nikampepea. Nikamwonyesha kuku. Nikamwambia habari za machimbo. Baada ya saa nzima nikaona leso niliyomfunga imemkaza kwenye paja, ngozi imekuwa nyekundu. Nikailegeza. Akapumua, akanyamaza, akaanza kutazama paa.

Nilikaa pale nikimtazama kama mjinga. Miaka yote nilidhani mtoto akilia anamshtaki mtu. Kumbe hana habari na makosa yako. Kuna kitu kinamkaza, naye anaita yeyote aliye karibu. Ningejua hilo wakati wako, nisingekwenda mbali hivi.

Saa nne ikafika. Nikamfunga mgongoni, nikashika mkongojo, nikateremka polepole mpaka shambani. Wanawake waliponiona mmoja akapaza sauti, "Njooni muone, mama Kwamboka ameota ndevu!" Mwingine akasema, "Mwacheni, huyo wiki ijayo atanyonyesha mwenyewe!" Wakacheka mpaka majani yakamwagika vikapuni. Masikio yangu yaliwaka moto. Mama yako akampokea mtoto, akakaa chini kati ya mistari ya chai, akasema bila haraka, "Na nyinyi, wenu wako wapi saa hizi?" Wakatazamana. Halafu wakacheka tena, lakini safari hii hawakuwa wananicheka mimi. Siku ya tatu mmoja alinitengea jiwe la kukalia.

Zile siku zilifanana, na sikumbuki moja baada ya nyingine, nakumbuka vipande. Nilifua nepi, na kwa kuwa mvua haikukatika nilizining'iniza juu ya moshi jikoni, mpaka Kwamboka akanuka kama samaki mkavu hata kanisani. Nilipima maji ya kuoga kwa kiwiko. Nilijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, na kile cha jioni ambacho hakina sababu, unatembea naye tu kutoka mlango mpaka dirisha hadi kiishe chenyewe. Nilijua kwamba akilala una nafasi ya kufanya jambo moja, na ukichagua vibaya utalijutia mpaka kesho. Mara nyingi nilichagua kulala. Mama yako akirudi alikuta nyumba kama boma lililovamiwa na mbuzi, na mimi nimechoka kuliko siku yoyote ya nyundo, na mtu akiniuliza nimefanya nini tangu asubuhi sina cha kumwonyesha. Ndipo nilipofahamu kazi ya mtu niliyezoea kusema amekaa tu nyumbani.

Babu yako hakunisemesha kwa siku nyingi. Akipita akiniona na leso begani aligeuza uso. Kisha siku moja mchana ikanyesha mvua ya mawe, ile inayochana majani chai yote. Nikamwona anakuja mbio na gunia kichwani, akasimama nje chini ya paa langu. Ndani hakuweza kuingia, ni nyumba ya mwanawe. Tukawa tumesimama, kizingiti katikati yetu.

"Amelala?"

"Hapana, Tata. Yuko macho."

"Mvua haimtishi?"

"Anaipenda."

Mabati yalikuwa yanapiga kelele, tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti. Mwishowe akasema, "Mlete nimwone." Nikamvusha mlangoni. Akampokea kwa mikono miwili iliyokakamaa kama mtu aliyepewa trei ya mayai. Kwamboka akamkamata kidole. Babu yako akamtazama muda mrefu, matone yakimdondokea shingoni, asisogee. Akasema, "Nimezaa saba, na sikumshika hata mmoja akiwa mdogo hivi. Sikujua kwamba wanashika."

Pale ndipo ningemwambia ukweli wa mkono wako. Alikuwa laini kuliko nilivyowahi kumwona. Sikumwambia. Alikufa akiamini ni mama yako, na sasa mmempa mtoto wenu jina lake.

Miaka hii yote nimesingizia chinsoni. Nimejiambia kwamba desturi ndiyo iliyonikalisha nje asubuhi ile. Lakini babu yako, ambaye aliishika desturi kuliko mimi, alipotaka kumshika mtoto alipata mahali pa kusimama. Mimi sikuzuiwa na heshima. Niliogopa kuchekwa, basi.

Sasa habari ya mkeo Kerubo. Baba mkwe hapaswi kuandika haya, kwa hiyo nitayaandika mara moja na wewe usimwambie nimeyajua. Mama yako ananiambia usiku halali. Mchana, akidhani hakuna anayemwona, anakaa na mtoto mapajani, machozi yanamtiririka bila sauti. Anapikiwa chinsaga, ile mboga chungu ya kumrudishia mzazi damu na maziwa, anaisukuma kando. Mama yako anasema hii si ile huzuni ya siku mbili tatu, na mtu ampeleke kwa daktari, asiachiwe maombi peke yake. Lakini mama yako mchana yuko kwenye majani, na Kwamboka yuko shule. Ukiondoka, kuanzia alfajiri mpaka jioni nyumba ile itakuwa na watu wawili tu, na wote wawili wanalia.

Unasema wewe ni kiti. Mwanangu, mtu aliyechoka hutafuta nini?

Analia ukimshika kwa sababu unamshika kama nilivyomshika Kwamboka siku ya kwanza, mwili mzima umekaza, unangoja umrudishe. Mshike bila kungoja. Mshike mpaka mkono ufe ganzi. Atalia, mwache alie kifuani kwako. Siku ya nne au ya tano utasikia uzito wake umebadilika, amekuachia mwili wote. Sijui namna nyingine ya kukueleza. Nimenyanyua mawe miaka ishirini na zaidi, na uzito ule ndio ninaoukumbuka.

Sitakudanganya kwamba kazi si kitu. Mawe haya ndiyo yaliyokulipia karo, na kifua changu kinachokohoa kinajua. Jana nilirudi kwa nyapara. Nikamwambia mtoto wako ni mchanga na mama yake hajisikii vizuri, akuwekee nafasi mpaka miezi miwili mitatu ipite. Akanijibu, "Mzee, hapa si kwa shemeji yako. Jumatatu saa moja asipokuwa langoni, nafasi ina mwenyewe." Nikamsihi. Akaniambia nisimpotezee wakati. Kwa hiyo nafasi ni ya Jumatatu au haipo, na sijui nyingine itapatikana lini. Ukibaki, utabaki bila kazi, na watu watasema mtoto wa mzee wa mawe amekaa kulea. Watasema, nakuahidi. Tutajibana kwa ninachopata, kama tulivyozoea kujibana.

Yale maneno ya ile Desemba ni yako, nenda ukayaondoe mwenyewe kwa mama yako. Usimwambie ni mimi nimekutuma. Yangu nitayasema kwa mdomo huu nitakaporudi, nikiwa nimewaita shangazi zako wote na majirani waliobaki, na wacheke wakitaka. Nimechelewa kwa babu yako. Kwa mama yako sitaki kuchelewa.

Sikuamrishi. Umeshaoa, una mlango wako, na nilikuahidi kukupokea. Jumatatu lori la wafanyakazi likifika nitakuwa nimesimama langoni. Ukishuka nitakubebea mzigo, nitakuonyesha pa kulala na pa kuoga, nitakufundisha kushika nyundo isikuumize mgongo, na barua hii sitakukumbusha hata siku moja. Lakini ujue kwamba watu watakapoanza kushuka nitatazama uso mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na moyoni nitakuwa naomba Mungu uso wako usiwemo.

Ni mimi baba yako.